Kopo Chini ya Ukuta wa Bi Jokha

Mwalimu Genoveva alikuwa mtu wa ramani tangu utotoni. Kule Kibosho alikozaliwa, akiwa darasa la tano, alichora njia zote za kihamba cha babu yake, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, pamoja na kila mgomba ulioegemezwa nguzo, na mwalimu wake akaibandika ile ramani ukutani hadi panya walipoila. Alipokuja Dar es Salaam kusoma chuo na kukaa hosteli za Mabibo, yeye peke yake chumbani ndiye aliyejua vichochoro vya kutokea sokoni bila kukanyaga matope. Sasa alikuwa na miaka thelathini na tisa, akifundisha jiografia sekondari na kuishi Tabata na mumewe, Leodegar. Wanafunzi wake walijua kwamba ukitaka kukwepa jaribio la ghafla, dawa ni kumuuliza swali lolote kuhusu latitudo.

Mtu wa namna hii, alipoonyeshwa ule mchezo, angepona wapi? Alionyeshwa na Noela, mwalimu mwenzake aliyekuwa akiishi Chamazi. Mtu anaficha kopo dogo mahali, ndani yake anatia kijidaftari na kalamu, kisha anaitangaza mtandaoni ile nukta ya ramani kopo lilipo. Mtu mwingine asiyemjua anaifuata nukta kwa simu yake, analitafuta kopo, na akilipata anaandika jina lake na tarehe, analirudisha palepale na kwenda zake.

"Sasa mnafaidi nini?" Leodegar aliuliza siku ya kwanza alipoelezwa.

"Tunalipata."

"Mkishalipata?"

"Tunaliacha."

Leodegar alimtazama mkewe kama mtu anayemtazama mgonjwa aliyekataa dawa, akarudi kwenye taarifa yake ya habari.

Kwa miaka miwili Genoveva alitafuta makopo ya wengine, kila Jumamosi akipata nafasi. Kisha akaanza kutamani kuficha lake. Hakutaka kulipeleka mjini wala ufukweni, ambako kila mgeni hufika hata bila kuitwa. Alilitaka mtaani kwake. Alitaka mtu wa mbali apite pale kwa mama wa vitumbua, asikie cherehani ya fundi nguo, aone jinsi watu wa Tabata wanavyofagia mbele ya nyumba zao asubuhi mpaka mchanga unabaki na michirizi kama nywele zilizochanwa. Aliupenda mtaa wake, na mtu akipenda kitu hutaka kukionyesha.

Mahali alipopachagua palikuwa chini ya ukuta wa Bi Jokha.

Bi Jokha alikuwa mjane wa makamo ya bibi, wa ukoo wa Kiarabu, ambaye marehemu mumewe, Nasser, aliuza vitambaa Tabata kabla hata umeme haujafika mtaani. Ndiye aliyempangisha Genoveva chumba cha uani miaka kumi na minne iliyopita, alipokuwa ameanza kazi na godoro moja. Ndiye aliyemfundisha kwamba mchuzi wa papa hautiwi nyanya nyingi, na ndiye aliyemnong'oneza kwamba kiwanja cha nyuma kinauzwa kabla dalali hajajua. Genoveva na Leodegar walijenga hapo, wakabaki majirani. Mwezi ule Bi Jokha alikuwa akijengewa baraza jipya nje ya nyumba yake. Lile la zamani lilikuwa limepasuka, naye fundi Elibariki alikwishalivunja na kuanza kupanga matofali.

Pembeni mwa ukuta, upande wa njia, palikuwa na bikoni, lile jiwe la saruji ambalo wapima huliweka kuonyesha kiwanja kinapoishia. Nyuma yake tofali moja lilikuwa limeliwa na chumvi na kuacha pango dogo. Genoveva alilipima kwa macho, akaona kopo lake la plastiki litaingia kama mkono kwenye glavu. Kanuni za mchezo alizijua kwa moyo: usifiche ndani ya ua wa mtu bila ruhusa. Lakini hapa palikuwa nje ya ukuta, na njia ni ya wote. Jumamosi moja, mtaa mzima ulipokuwa harusini, alilichomeka kopo lake, akafunika pango kwa kipande cha tofali, na akarudi nyumbani amejaa furaha kama msichana aliyeandikiwa barua.

Hapo ndipo alipokosea. Ndani ya ukuta kuna hati, lakini nje ya ukuta kuna macho, na mtaani kwao macho yana nguvu kuliko hati.

Yaliyotokea Alhamisi saa nane mchana aliyasikia baadaye, vipande vipande. Walikuja wanaume wawili wasiojulikana, mmoja amevaa kofia pana na mwingine amebeba begi mgongoni. Wote walishika simu mbele ya nyuso zao. Walitembea hatua kumi kwenda, wakarudi hatua kumi, wakasimama penye bikoni ya Bi Jokha. Wa kofia alichuchumaa akaipapasa. Mwenzake aliupiga ukuta picha, kisha wakainamia kitu pamoja, wakaandika, wakapeana mikono na kuondoka. Hawakumsalimu mtu.

Mtaani kwao hakuna asiyejua maana ya wanaume wawili wanaotembea hatua kumi na kuandika. Asiyewahi kubomolewa nyumba ana binamu aliyebomolewa. Kwanza huja wapima, halafu huja alama ya X nyekundu, na mwisho huja tingatinga. Kufikia alasiri ilikuwa imejulikana kwamba barabara itapanuliwa mita kumi na tano kila upande. Jua lilipoanza kupungua nguvu, zilikuwa mita thelathini, na kuna aliyekuwa na jina la mkandarasi.

Siku hiyo Genoveva alikaa shuleni mpaka usiku akisahihisha mitihani ya majaribio na hakusikia neno. Ijumaa mchana aliporudi alimkuta fundi Elibariki ameketi juu ya toroli lake, akifunga mwiko na timazi ndani ya mfuko wa saruji.

"Vipi fundi, mbona mapema?"

"Mama amesimamisha kazi," alisema Elibariki, mtu wa Meru aliyezoea kusema polepole. "Anasema hajengi kitu cha kuja kubomolewa. Nimemwambia mama, ngoja basi tujue. Akasema, Elibariki, beba mwiko wako."

"Kubomolewa na nani?"

"We mwalimu ulilala wapi? Wapima walikuja jana. Wawili. Wakaenda moja kwa moja mpaka kwenye bikoni, simu mkononi. Wapima wa siku hizi wanakujaga hivyohivyo, hawabebi tena ile darubini ya miguu mitatu."

Genoveva aliitazama bikoni, akakitazama kipande cha tofali alichokiweka mwenyewe. Aliutazama na mlango wa Bi Jokha. Miaka kumi na minne hakuwahi kuuona umefungwa mchana.

Nyumbani alimweleza mumewe kila kitu, akiwa bado amesimama na mkoba begani.

"Litoe," Leodegar alisema. "Lifute na huko mtandaoni, halafu nyamaza. Uvumi wa Tabata hauna maisha marefu. Wiki ijayo watakuwa na mwingine."

"Na Bi Jokha?"

"Atatulia. Lakini wewe ukisema, Geno, utaitwa mpima mpaka unastaafu. Na watoto wako wa Kidato cha Pili watalipata hilo jina kabla hujafika shuleni Jumatatu."

Alijua kwamba ni kweli. Alikwenda dirishani, ambako ua wa Bi Jokha ulionekana juu ya ukuta. Yule mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, akiiviringisha saa ya ukutani ya marehemu Nasser ndani ya kanga, polepole, kama anayemvisha mtoto mchanga. Kando yake palikuwa na sanduku la bati lililo wazi. Hakuna aliyemfukuza, hakuna barua aliyopata, lakini moyoni alikwishaanza kuhama. Ikiwa angetulia, angetulia lini? Na kila mtu akipita na simu mkononi, angefungasha tena?

"Kesho nitamwambia," alisema Genoveva.

Leodegar akashusha pumzi. "Basi niweke kwenye orodha ya watakaochekwa," akasema. "Mume wa mpima."

Kwao Kibosho, ukimkosea mtu kosa la kweli, huendi kwake na maneno matupu. Unakwenda na jani la sale, mmea uleule unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba, na aliyepewa hatakiwi kulikataa. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi Genoveva alitoka hadi kwa Ismail, muuza miche wa barabara kuu. Ismail alikuwa ametandaza bustani yake pembezoni mwa barabara, mamia ya miche katika vyungu, ndoo za rangi na madumu yaliyokatwa nusu. Genoveva aliinama, akasogeza dumu hili, akachungulia nyuma ya lile. Kushoto kwake mzee mmoja alikuwa amepiga magoti akinusa mrehani. Kulia kwake wanandoa waliovalia kama wanaokwenda ofisini walikuwa wakivigeuzageuza vyungu huku wakibishana. Hatimaye aliliona sale nyuma ya migomba ya maua, akalinunua, akaondoka nalo mikononi.

"Hodi, Bi Jokha. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Pita, usikanyage hilo sanduku." Bi Jokha aliutazama mmea. "Umeniletea ua, nami sina hata pa kulipanda. Huna habari?"

"Ninazo. Kwetu jani hili ni la kuomba radhi."

"Radhi ya nini? Umemgonga kuku wangu?"

Genoveva akasema yote, kuanzia mchezo na kopo hadi wale wanaume wawili. Alisema kwa haraka na kwa mpangilio mbaya, yeye aliyezoea kuandika vichwa vya habari ubaoni. Alipomaliza, saa ya marehemu ilikuwa ikigonga ndani ya kanga.

"Rudia," alisema Bi Jokha.

Akarudia.

"Mtu mzima. Mwalimu. Umekuja kuchimbia kopo ukutani kwangu."

"Sikuchimba, Bi Jokha, nililichomeka tu kwenye…"

"Nyamaza kwanza, usinifundishe. Mie siku mbili chakula hakipiti. Nimempigia Muntasir huko Tanga nikamwambia mwanangu, nyumba ya baba yako inakwenda. Nimemfukuza Elibariki kama mwizi. Wallahi, kwa kopo?"

"Kwa kopo. Nisamehe."

"Na ningelikuta mimi mwenyewe, nikifagia? Kopo limefichwa chini ya ukuta wa mjane, lina vikaratasi vya majina ya watu. Unajua ningedhani nini?"

Genoveva alijua. Alikuwa amefikiria mvua, alikuwa amefikiria wezi, alikuwa amefikiria hata panya. Hili hakulifikiria.

"Ningedhani nimerogwa," alisema Bi Jokha. "Mie ningemtazama wa mbele, wa mbele angemtazama wa kushoto, na mpaka leo tungekuwa hatusalimiani."

"Nilidhani kwa kuwa ni nje, ni pa wote."

"Ni pa wote, ndiyo maana wote tunapalinda. Mwanangu, mie ndani nalala tu. Nje ndiko ninakoishi." Aliinuka, akajitanda mtandio. "Twende. Litoe nilione."

Wakatoka. Genoveva alichuchumaa penye bikoni huku akihisi macho ya madirisha matatu mgongoni, akatoa kopo na kumpa. Bi Jokha alilifungua kwa ncha za vidole, akaona kalamu, beji ya shule ya Genoveva na kijidaftari. Akakisogeza mbali na macho yake ili asome. Palikuwa na mistari michache tu: *Tumelipata. Mtaa msafi ajabu. Kuna mama alituchungulia dirishani, tukaona haya kwamba hatukumsalimu. Alfonsi na Adelard.*

"Hawa ndio wapima wangu?"

"Ndio hao."

Bi Jokha akasoma tena. Pembe ya mdomo wake ikacheza. "Wameona haya, kumbe. Wangesema *asalaam* tu, mie ningewauliza mnatafuta nini, yangekwisha palepale." Alimrudishia kopo. "Na hilo jani, nikilikataa?"

"Kwetu halikataliwi."

"Kwenu mna ujanja. Lete hapa." Akalipokea kwa mikono miwili. "Lakini sanduku langu silifungui mpaka mtaa mzima usikie. Na hawatasikia kwangu. Utasema mwenyewe, kwa mdomo wako, kesho kwa Albano."

Albano alikuwa mjumbe wa mtaa, na kikao cha Jumapili alikuwa amekiitisha yeye mwenyewe kuhusu wapima. Uwanjani kwake walijaa watu kama hamsini, wengi na nguo zao za kanisani. Genoveva, aliyezoea kusimama mbele ya watu kila siku ya kazi, alisimama mbele yao akiwa ameshika kopo kwa mikono miwili. Alieleza. Hakujitetea. Alipoinua lile kopo juu ili walione, mtu mmoja nyuma akapasuka kicheko, na mtaa mzima ukamfuata.

"Mwalimu, nipimie na mie! Jirani kanila futi mbili!"

"Leodegar, mkeo ana tingatinga?"

Leodegar, aliyesimama kando ya ukuta, aliinamisha kichwa kama mgombea aliyepewa kura. Si wote waliocheka. Fundi nguo alisema kwa hasira kwamba alikuwa amesitisha kupaka rangi duka lake, na Genoveva akamwomba radhi kwa jina. Naye Albano alikunja karatasi tatu alizokuwa nazo mkononi.

"Barua ya kurasa tatu," alisema kwa uchungu. "Nimeiandika usiku kucha. Sasa nasema hivi: makopo mtaani kwangu ni mwiko."

"Usipige marufuku, Albano," ilikuwa sauti ya Bi Jokha kutoka kwenye kiti cha mbele. "Wale vijana wameandika mtaa wetu ni msafi. Nani tena ametuandikia hivyo? Mpeni mwalimu mahali pasipotisha mtu."

Basi wakaanza kupatafuta, na kwa kuwa walikuwa watu wa Tabata, kila mmoja alikuwa na pake na kila mmoja alikuwa na sababu ya kukataa pa mwenzake. Karibu na shule ya msingi? Mtu mzima mgeni akizungukazunguka penye watoto atapigwa mawe, na ni haki yake. Chini ya tangi la maji? Watu wataogopa kunywa. Kwenye nguzo ya umeme? Atakufa mtu. Pembeni mwa kibanda cha kutolea pesa kwa simu? Ataitiwa mwizi kabla hajainuka.

"Kwani lazima wainame?" aliuliza mama wa vitumbua.

"Lazima," alisema Genoveva. "Raha yake ni kutafuta."

"Basi tafuta mahali ambapo mtu akiinama haulizwi," Bi Jokha alisema. "Kama papo."

Ndipo Genoveva alipomkumbuka yule mzee aliyepiga magoti akinusa mrehani, na wale wanandoa waliokuwa wakichungulia nyuma ya vyungu, na yeye mwenyewe akisogeza madumu asubuhi ya jana, mgeni au mwenyeji, bila mtu kumgeukia.

"Kwa Ismail," alisema. "Kwenye miche."

Watu wakageuka. Ismail alikuwa ameegemea mlango, akila karanga.

"Kwangu?" alisema. "Wakinivunjia vyungu?"

"Litakaa ndani ya dumu lisilo na mche, pembeni kabisa. Hakuna kusogeza kitu."

"Na wakija nimefunga?"

"Nitaandika saa zako."

Ismail akatafuna karanga mbili tatu akifikiri. "Wanisalimie kwanza," akasema. "Akinisalimia nitajua ni wa kopo, nitamwangalia akihangaika, sitasema kitu. Asiposalimia namuuzia mwarobaini."

Wakacheka tena, safari hii pamoja na Genoveva. Jioni ile alifuta nukta ya zamani mtandaoni na kuandika mpya, na chini yake akaweka maelezo aliyoyasoma kwa sauti ili Leodegar ayasikilize: kwamba mahali hapa pana mwenyewe na ametoa ruhusa, kwamba msalimie kabla hujainua simu, kwamba ukikuta wateja, wape nafasi kwanza. Leodegar alisikiliza mpaka mwisho. "Weka na kwamba mpima mwenyewe anaishi mtaa wa nyuma," alisema.

Jina hilo la mpima lilimshika kama Leodegar alivyotabiri. Kidato cha Pili walilipata Jumatatu, saa mbili kasoro. Aliligeuza somo: aliwauliza bikoni ni nini, na asiyejua alimpa kazi ya nyumbani.

Wiki mbili baadaye, akirudi kutoka shuleni, aliona pale kwa Ismail mwanamke mmoja mgeni, na simu mfukoni, ameinama kati ya ndoo za rangi. Aliinua macho, akainama tena, akaenda upande usio wenyewe kabisa. Watu walipita na mizigo yao. Hakuna aliyesimama. Ismail alikuwa akimwagilia miche huku amegeuza uso kuficha meno. Genoveva alitamani mno kumwambia yule mgeni *kushoto, dada, kushoto*, lakini alikaza mwendo akapita kama asiyejua lolote.

Mbele ya nyumba ya Bi Jokha, mlango ulikuwa wazi na Elibariki alikuwa amechuchumaa penye baraza, kamba ya kupimia mkononi, na uso wa mtu aliyechanganyikiwa.

"Mwalimu, nisaidie kuongea na mama," alisema. "Nimeshamaliza kupanga. Sasa anataka niongeze futi nzima upande wa barabara."

"Si unasikia nilivyosema?" Bi Jokha aliita kutoka ndani, akija na birika la kahawa. "Tukikaa wanne magoti yanagusana. Ongeza."

"Lakini mama, wiki juzi ulisema barabara…"

"Wiki juzi nilikuwa mjinga. Mwalimu, kaa hapo kwenye matofali, tuone kama panakutosha."

Genoveva akakaa, akainyoosha miguu yake upande wa njia. Palimtosha. Bi Jokha akammiminia kahawa kikombe cha kwanza, akamwamuru Elibariki aanze kuchanganya saruji.